Ngano ya Darini

Mama yangu,

Shikamoo. Ni miaka kumi na moja sasa tangu tukuzike, na sijakuandikia hata mstari mmoja, mimi niliyekuwa najivunia kalamu. Nilikuwa naogopa kufika kwenye jambo lenyewe.

Unaikumbuka likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu? Mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yameshameza malisho yetu mpaka karibu na zizi, na mwaka ule mvua ilikatika mapema. Nilikukuta umekonda. Jioni ulinikorogea uji mwepesi, ukaniuliza tunasoma nini huko. Nikakusimulia kwa maringo habari za bakteria wanaoishi chini kabisa ya bahari, gizani, kwenye nyufa zinazotoa maji moto. Nikasema hawahitaji jua. Nguvu wanaipata kwenye salfa, na miili yao wanaijenga kwa hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini. Ulisikiliza mwiko ukiwa mkononi, kisha ukauliza, "Na hiyo hewa ikipungua, wanafanyaje?"

"Bahari ni kubwa, mama, haipungukiwi," nikakujibu, nikacheka kidogo. Kile kicheko kinaniuma hadi leo. Jibu sikulijua. Nilichojua ni kwamba na wewe hulijui, basi nikaona inatosha.

Siku mbili baadaye ulikwenda kutafuta kuni, huku nyuma wakaja wasichana wanne niliosoma nao shule ya Katesh, wamekuja kumwona msomi. Nikapanda darini kutafuta cha kuwapikia. Nyuma ya ngozi kuukuu ya ng'ombe nikakuta debe la ngano safi, iliyopepetwa. Nilikasirika, mama. Nikasema moyoni kumbe chakula kipo, ananinywesha maji kwa uchoyo. Nikachemsha sufuria kubwa. Na kwa kuwa kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, nikamfungia kila mmoja mzigo wa ngano wa kwenda nao nyumbani. Nilijiona mkarimu kweli kweli.

Uliporudi waliinuka wakakuamkia, ukaitikia. Ukatazama ile mizigo mlangoni, ukatazama debe. Nilingoja uniseme. Ukasema, "Kuleni wanangu, ngano ipo," ukawaongezea kwa mkono wako. Wewe hukula.

Nilijua ngano ile ilikotoka. Kombaini za kuvunia zikishapita, ninyi kina mama mliruhusiwa kuingia shambani kuokota masuke yaliyoanguka, moja moja, mgongo umepinda kutwa nzima, kabla matrekta hayajaja kulima. Msimu ukipita, hakuna tena. Nilijua yote hayo na bado nilikuita mchoyo.

Mwaka huu, katika kujiandaa kufundisha, nilikutana na jibu la swali lako. Ukaa hupungua, mama. Maji moto huja nao kwa wingi, halafu maji baridi yanaingia na unakuwa haba. Hapo bakteria huongeza kwenye ngozi zao vitu vidogo vya kuuvuta, hata ukiwa kidogo namna gani, wakaulundika ndani mwao mpaka ukawa mwingi kuliko ulioko nje. Kisha wanautumia ndani ya vifuko vidogo kabisa, usije ukawaponyoka. Nilifika hapo nikashindwa kuendelea kusoma. Nilikuwa darasani peke yangu, nikaona aibu kana kwamba umeingia.

Nilimpigia simu mama mdogo, mdogo wako uliyekuwa ukiishi naye, nikamweleza yote. Nilitaka anigombeze, naye hakunigombeza. Alisema tu, "Ile iliyobaki chini ya debe ndiyo aliyokukaangia ya safari. Sisi tulikula mboga za porini mpaka kombaini zilipoingia tena."

Sikujua, mama. Nilichokumbuka ni kitambaa cheupe chenye ngano ulichonipa kwenye dirisha la basi, bado kina joto. Nisamehe kwa kuipika akiba yako, na kwa kukaa kimya likizo zote zilizofuata, nikija, nikila, nikiondoka. Na nisamehe kwa hili ambalo sijamwambia mtu: ngano ile niliimaliza kabla basi halijafika Babati, wala sikuwa na njaa.

Pumzika, mama.

Binti yako wa kwanza