Shakwe Aliyeota Mvi

Mama yangu mpendwa,

Leo nimekuja mchangani na daftari, mahali pako pa kuanikia ndagala, dagaa wetu, karibu na mto Lukuga unapotoka ziwani. Ungeniona ungecheka. Mwalimu mzima wa biolojia, viatu mkononi, ninamkodolea macho ndege anayekula matumbo ya samaki. Lakini ndege huyu ana manyoya mawili meupe mahali yasipostahili kuwa, na tangu nimwone sijatulia. Nina jambo la kukuambia juu yake, na zaidi juu yangu mwenyewe.

Unamkumbuka yule mweupe wako? Shakwe wetu tunawajua: kichwa cha kijivu, mgongo wa kijivu, ncha za mabawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Wakitua kwenye ndagala ulikuwa ukiwatimua kwa fimbo yenye kitambaa, huku ukiwatukana kwa Kibembe ili sisi watoto tusielewe. Tulielewa, Mama. Ila yule aliyekuwa mweupe kuanzia kichwani hadi mkiani ulimwacha ale. Nilipokuuliza kwa nini, hukuinua hata macho.

"Acha ule ndege akule," ulisema. "Ule njo muzee wao, ameota mvi. Muzee hafukuzwi kwa chakula."

Mimi wakati ule nilikuwa nimemaliza tu masomo ya ualimu, na kichwa kilikuwa kimejaa kuliko gunia. Siku moja, mbele ya Mama Vumilia na wenzako wote wa mchangani, nilikukosoa. Nilisema ndege hawaoti mvi. Huyu alizaliwa hivyo, mwili wake haukujua kutengeneza rangi. Angekuwa zeruzeru kamili hata macho yangekuwa mekundu, na macho yake ni ya kawaida, tazameni wenyewe. Nilinyoosha kidole kama niko ubaoni.

Ulijaribu kunijibu. "Mie nimemuona, mutoto wangu. Mwaka wa kwanza alikuwa na manyoya meupe mawili. Mwaka wa pili yakazidi."

"Mama, ule alikuwa mwingine," nikakukatiza.

Wanawake wakacheka. Wewe ukainama ukaendelea kugeuza ndagala. Nilirudi nyumbani mshindi, na ushindi wenyewe haukufika jioni. Niliona kwamba nimekufanya kichekesho kwa watu, mama aliyenilipia minerval, ada ya shule, kwa samaki hao hao. Sikuomba msamaha. Hata ulipougua nilikuwa na nafasi, nikakaa kando ya kitanda chako nikizungumza habari za mvua. Kisha ukaondoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo nimekuwa na ugonjwa wa kuangalia shakwe, na wanafunzi wangu wanaujua. Muhula uliopita walikuja mbio kuniambia kuna shakwe mwekundu bandarini. Kalasi nzima tukashuka. Kweli, alikuwa na rangi ya machungwa kifuani na bawa moja, na mimi nikaanza hata kumchora. Mpakizi mmoja wa mizigo alinitazama akanionea huruma: "Mwalimu, ule ameangukia kwenye mafuta ya mawese." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini somo lilibaki: rangi ya kupakwa hushika hovyo, inavuka unyoya mmoja hadi mwingine na kuacha mwingine nusu. Rangi ya ndege mwenyewe, au kukosa rangi, hufuata unyoya mzima mpaka shinani. Na usiamue kabla hujatazama macho, mdomo na miguu.

Baada ya aibu ile ya mawese nilianza kusoma kwenye simu, siku ambazo rezo, mtandao wetu huu, inakubali. Ndipo nilipokutana na wewe, Mama. Imeandikwa kwamba wako ndege wanaopoteza rangi polepole. Kila wanapobadilisha manyoya, meupe yanaongezeka, mpaka wengine wanakuwa weupe kabisa. Mara nyingi ni kwa sababu ya umri. Nilisoma mara tatu. Miaka yote uliyomwangalia yule ndege, kiangazi baada ya kiangazi, ulikuwa unafanya kazi ya mtaalamu, nami niliikata kwa sentensi moja.

Wako siwezi kumthibitisha, hayupo tena. Huyu wa leo ninamjua kwa kidole cha mguu kilichokatika. Kiangazi kilichopita alikuwa na unyoya mmoja mweupe bawani. Leo ni mawili. Sijui mwakani yatakuwa mangapi, na natamani sana kujua.

Asubuhi hii nilijikaza nikamwendea Mama Vumilia na wale wenzako waliobaki. Nikasema kwa sauti wasikie wote: "Mama alisema kweli. Mimi njo nilikosa."

Mama Vumilia hakuacha kupepeta. "Tunajua."

"Munajua nini?"

"Sisi wote tulimuona ule ndege akigeuka. Siku ile tulikuchekaka wewe, si mama yako. Ulipoenda nilitaka kukuita nikuambie. Yeye akanikataza." Akaweka ungo chini. "Alisema: 'Mumuache. Mutoto wangu anasema mbele ya watu bila kuogopa. Mie sikuwezaka hata siku moja.'"

Nimekaa mchangani tangu saa hiyo, Mama. Nimelia na kucheka kwa pamoja, watu wanapita wananisalimu kwa uangalifu. Miaka yote nimebeba aibu yako, kumbe hukuwa na aibu. Ulikuwa umeinama kwenye ndagala zako unajivuna.

Nisamehe hata hivyo. Nakosa sana mtu wa kubishana naye.

Pumzika vizuri, Mama.

Ni mimi, binti yako uliyemwacha aseme.