Kuku Aliyenipatia Jina Kule Nyalukemba

Kigoma, Jumapili, mwaka wa ishirini na nane tangu nitoke Bukavu

Mjukuu wangu Furaha,

Sisi wazima. Bibi yako anakusalimu, na goti lake limepata nafuu. Unauliza kama kamusi inatosha inaposema mwizi ni mtu anayeiba. Haitoshi. Kwetu Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, mwizi alikuwa yeyote anayekimbia mbele ya wengine.

Nilikuwa nimekwenda kwa mama yake bibi yako kumwomba binti. Hakunijibu, alinipa kuku tu, kama anavyopewa mgeni yeyote, nami nikaaga. Nje ya lango kuku akaniponyoka. Nikamkimbiza nikiwa na suti ya kuazima. Mtu akapaza sauti, "Mwizi!" Pale, ukisikia hivyo, unakimbia na wewe unapaza sauti. Basi kwa mazoea nami nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" mpaka waliponikamata mimi.

"Kuku iko ya nani?" aliuliza fundi cherehani, kiatu mkononi.

"Iko yangu."

"Bezi bote banasemaka vile, papa!" Yaani, wezi wote husema hivyo.

Wengine walishika mawe. Ndipo yule mama aliyenipa kuku akafika akihema, kitenge kikimlegea.

"Mumuache! Huyu iko mukwe wangu!"

Mtaa mzima ulisikia. Jioni alijaribu kusema kwamba bado anafikiri, lakini majirani walikuwa wameshaanza kuuliza siku ya harusi.

Naambiwa wachache waliobaki pale bado wananiita mwizi. Sitarudi kuwasahihisha.

Babu yako