Ampea Kumi na Tisa za Ijumaa

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Kasulu. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika kabla ya saa sita, na sasa kuna ule ubaridi wa huku kwetu milimani unaoingia mpaka kwenye soksi. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya jengo la Mzee Salumu. Nina mkate mapajani, umeshapoa, na siwezi kuula.

Moyo wangu umevunjika, na aliyeuvunja ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi umeme. Niandike hivyo hivyo, ingawa leo neno lenyewe linanikaa kama shati la kuazima. Aliyenisomesha ni dada yangu Leokadia, na alinisomesha kwa mikate. Tulipotoka kijijini Kumsenga tukahamia Kibondo mjini, alikuwa anaamka alfajiri kuoka kwa mkaa, moto chini, moto juu, moshi usoni. Miaka yote ile. Sasa kifua chake kimechoka. Mwaka jana daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba aache moshi, kama bado anayataka mapafu yake.

Ndipo nikajitia uanaume. Nikamwambia nitamtafutia chumba Kasulu, tuweke oveni ya umeme.

Jengo la Mzee Salumu lina vyumba vinane vya biashara, na vyote vinalishwa na waya mkuu mmoja uliowekwa enzi za jenereta, wakati umeme ulikuwa wa taa na redio na ukikatika hakuna aliyeshangaa. Tangu gridi ifike, kila mpangaji amejinunulia chake: pasi, birika, mashine za fotokopi, friji. Chumba cha nane kilikuwa wazi. Swichi kuu inabeba ampea sitini. Ukitaka kujua kama oveni itaingia, ujue kwanza jengo linakula kiasi gani tayari.

Kazi hiyo ina njia yake. Unapita chumba kwa chumba, unaandika kila kifaa, unauliza kinawashwa saa ngapi, halafu unapima kwenye waya mkuu kwa siku kadhaa, hasa ile saa ambayo kazi zimepamba moto. Naijua. Chuoni niliwahi hata kumcheka mwenzangu aliyepima mara moja akafunga daftari.

Mimi nilipima mara moja. Ijumaa moja, saa saba na nusu mchana.

Kulikuwa kimya, nikaupenda ukimya. Hakuna wa kunipita mgongoni, hakuna wa kuniuliza kama nataka kukata umeme. Nikabana kipimo kwenye waya, kikasoma kumi na tisa. Oveni ni ishirini na saba. Jumla arobaini na sita, na nafasi inabaki. Nikampigia dada pale pale: "Njoo, nafasi ipo."

Sikujiuliza watu wako wapi. Walikuwa msikitini. Wapangaji sita kati ya saba ni Waislamu, na Mzee Salumu ana sheria yake tangu pasi ilipomuunguzia meza: anayetoka, azime swichi ya chumba chake. Kumi na tisa ile ilikuwa ya yule wa saba peke yake, saluni yake na friji zake za vinywaji basi. Na adhana niliisikia kwa masikio yangu haya! Mimi Mkatoliki nimeishi na watu hawa miaka minne, kila Idi nakula pilau yao, halafu nikaenda kulipima jengo lao wakati wao hawamo.

Dada akauza ng'ombe wake wawili, wale alioachiwa na marehemu shemeji. Akafunga jiko la Kibondo, wateja wake akamwachia jirani. Oveni ikaja Jumanne hii juu ya lori la maharage, wapangaji wote wakasaidia kuishusha. Nikaunganisha, nikawasha, natabasamu kama bwana harusi. Dakika mbili hazikupita, jengo zima likazima. Nikawasha tena, likazima tena. Mzee Hamisi, fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye msimu huu anashona sare za shule na ana pasi tatu zinazowaka kutwa, akatoa kichwa mlangoni. "Wewe kijana, umetuletea oveni au tanuru la matofali?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani ni swichi mbovu.

Jumatano nikapima bila oveni. Hamsini na saba. Nikachukua daftari nikapita chumba kwa chumba, kazi ya mwanzo nikiifanya mwisho, na daftari likasema vilevile. Ukiongeza oveni ni themanini na nne.

Ningeweza kuweka swichi kubwa zaidi. Ni kazi ya dakika kumi, na wapo ambao wangeifanya bila kukosa usingizi. Lakini waya ungebaki ni ule ule, ungepata moto ndani ya ukuta, na siku moja ungewaka watu wakiwa ndani. Nilimwendea Mzee Salumu kuhusu waya mpya. Mkewe amelazwa mbali, yeye ndiye anayemuuguza, na kwa mwaka huu hana uwezo. Nilizunguka mji mzima kutafuta chumba kingine. Vyenye umeme wa kutosha havikamatiki kwa watu kama sisi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amefika hata sijaoa.

Jana nilimwambia. Alikuwa anasugua trei mpya. Nilitamani anitukane, Mungu ananiona, nilitamani anipige na hiyo trei. Alikohoa, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ile kumi na tisa uliipima lini?"

"Ijumaa. Wakati wanaswali."

"Yoo, mwana wa mama. Basi hiyo saa ipo. Nitaoka hiyo."

Leo aliumua unga tangu asubuhi. Adhana ilipolia, swichi zikaanza kuzimwa mlango kwa mlango, Mzee Hamisi akiwa wa mwisho. Akamtazama dada na trei zake, akasema, "Oka, mama. Shehe wetu hotuba zake ndefu." Nikawasha oveni, nikabana kipimo: arobaini na sita. Oveni ikashika moto.

Dada alisimama mbele ya kioo cha oveni, mikono kiunoni, anaitazama mikate inavyopanda. Hakuna moshi. Maisha yangu yote sijawahi kumwona akioka macho yake yakiwa wazi.

Nikatoka nje nikalia.

Saa nane kasorobo wakaanza kurudi. Trei ya kwanza ilikuwa tayari, ya pili bado. Mzee Hamisi alikaa mlangoni kwake na nguo za watu zinamsubiri, pasi hajawasha, mpaka ya pili ilipotoka. Kisha akaingia ndani kuwasha pasi. Mtu mwema, lakini siwezi kumwomba hivyo kila siku, na hata nikimwomba, bado kuna wengine watano.

Trei mbili kwa wiki, maana siku nyingine hawatoki wote kwa pamoja, na usiku jengo hufungwa, haruhusiwi mtu kubaki ndani. Hiyo ndiyo nafasi niliyompigia simu nikamwambia ipo.

Nitaendelea kutafuta chumba. Nimeapa sitapima tena jengo la watu kabla sijajua wako wapi. Viapo ni rahisi ukiwa umekaa kwenye ngazi.

Nyuma yangu nasikia anapepea mkaa wa mikate ya asubuhi. Ameshaanza kukohoa.

Kesho ni Jumamosi.