Zimwi Lenye Sura ya Baba Mkwe

Zawadi, kaka yangu Alois leo kaumbuka! Kaumbuka vibaya!

Si unajua anachora wahusika wa ule mchezo wake wa vita kwenye kompyuta? Zimwi kalitengeneza kwa picha ya baba yake Benadetha, mchumba wake! Akaipunguza ikawa kama punje, akajua hatatambulika.

Leo mzee katoka kwao Sigino, katokea kwetu bila taarifa, kamkuta Alois kwenye kompyuta, mchezo uko wazi. Akamwambia, "Hebu kikuze hicho kijitu nikione."

Akakikuza. Zawadi, alikikuza!

Mzee akaliona kovu lake shavuni. "Na huyu huwa anauawa?"

"Ndiyo, baba."

Alois hakuweza kuinua uso. Chai mzee hakuigusa. Mlangoni akasema, "Nilikuja kukwambia tumeikubali posa yako."

Akaondoka. Sasa Benadetha anapiga simu, Alois anaiangalia tu inavyoita.