Jina Langu Linafunga Mabao, Mimi Niko Nje ya Uwanja

Bi Mbeyu, nimesoma majibu yako kila Alhamisi tangu nije Mombasa na sikudhani siku moja ningekuwa mimi wa kuuliza, lakini Jumamosi hii inanijia mbio na sina mtu mwengine wa kumwambia, kwa hivyo naomba univumilie.

Nina miaka ishirini, nasomea umeme katika chuo kidogo hapa kisiwani, chuo ambacho hata majirani hawakijui, na timu yetu ya kandanda ilikuwa ikifungwa kila mwaka mpaka vyuo vingine vikasema kucheza nasi ni kupumzika. Mwaka huu, kabla ya mechi ya kwanza, mwalimu wetu wa mpira aliniita, mimi mchezaji wa akiba ambaye sijawahi kucheza mechi hata dakika tano, akaniambia kuna kijana mmoja mpakuzi wa mizigo bandarini Kilindini, Kaingu, ana miguu ya ajabu lakini si mwanafunzi, na nikikubali acheze kwa kitambulisho changu basi chuo chetu nacho kitatajwa mjini. Nilikubali siku hiyo hiyo, Bi Mbeyu, wala sikulazimishwa. Picha yangu niliibandua kwa mkono wangu mwenyewe na yake ikabandikwa.

Tangu hapo Tsofa Kingi amefunga mabao tisa. Tsofa Kingi ni mimi. Tumecheza mechi sita bila kushindwa na Jumamosi saa kumi jioni tuna fainali uwanja wa Tononoka, na mimi hata kwenye benchi siwezi kukaa kwa kuwa jina langu tayari liko uwanjani, nasimama pembeni kwa muuza viazi vya karai nikisikia watu wakiniita, na mara moja nilikaribia kuitika. Nitasema ukweli, mwanzo nilipenda, nilikuwa nikitembea ufuoni Mama Ngina jioni nawasikia vijana wakimsifu Tsofa natabasamu peke yangu.

Balaa ni redio. Mtangazaji alitaja jina langu, naye babangu, ambaye ni mgema huko Kaloleni, akasikia. Sisi Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na babu yangu alikuwa Tsofa, kwa hivyo tangu nizaliwe baba hajawahi kuniita kwa jina, huniita baba. Basi akapiga simu dukani kwa Zein karibu na ninapokaa, nikaitwa, akaniuliza, "Baba, hayo magoli ni yako?"

Nikajibu, "Ni yangu, baba." Akacheka, na mimi sijawahi kumsikia baba akicheka kwenye simu, nikashindwa kuyarudisha maneno yangu.

Jana jirani yetu wa Kaloleni anayeleta nazi sokoni Kongowea alinijia na ujumbe kutoka kwake: "Mwambie baba nakuja Jumamosi. Nitasimama nyuma ya goli. Akishafunga aniangalie mara moja tu."

Nahodha wetu Mutunga, ambaye huu ni mwaka wake wa mwisho chuoni, amenishauri nijilaze kitandani nijifanye mgonjwa na baba nimtumie habari kwamba fainali imeahirishwa. Nikifichua, msimu wote wa wenzangu unapotea na watanichukia maisha. Nikinyamaza, baba atasimama nyuma ya goli amuone mtu asiyemjua akishangiliwa kwa jina la babake. Silali, sili, na leo ni Jumatatu tayari. Nifanye nini?

Mwenye Jina, Tononoka

BI MBEYU ANAJIBU

Majina nimeyabadilisha na chuo chako sikukitaja, kwa hivyo pumua kwanza. Nilikuhurumia, halafu nikakukasirikia, halafu nikakuhurumia tena pale babako alipocheka.

Mwalimu wako ana lake la kujibu. Mtu mzima anakwenda kwa kijana wa akiba, anamnyang'anya hata hiyo nafasi ya akiba, kisha anajiita mlezi. Lakini si mwalimu aliyesema "ni yangu, baba". Hilo ulilisema wewe, na ndilo linalokunyima usingizi.

Mimi nami ni Mgiriama. Marehemu bwanangu alimwita mwanetu wa kwanza baba tangu akiwa wa kubebwa, na siku akimkaripia bure alimuomba radhi kama mtu anavyomuomba mzazi wake. Kwa Mutunga na mwalimu, Tsofa ni jina tu la kwenye orodha. Wewe ulijua lilikuwa la nani kabla yako, na bado ukaibandua ile picha.

Sasa nisikilize. Kitandani usijilaze. Huo uongo wa kuahirishwa babako ataujua kwa redio ile ile. Ukishaliweka gazeti hili chini nenda kwa mwalimu, umwambie jina lako unalitaka leo, na kwamba yeye asipowaeleza wasimamizi wa mashindano kufikia jioni, utawaeleza wewe. Yale mabao tisa pengine yatafutwa na fainali wataicheza wengine. Wenzako watakukasirikia na wana haki yao, kwa hivyo usijitetee sana. Kaingu naye mfuate bandarini umuombe radhi. Kijana wa watu amecheza msimu mzima na hakuna hata mmoja aliyemshangilia kwa jina lake mwenyewe, na katika barua yako ndefu hilo hukuliona.

Kesho Ijumaa nenda Kaloleni. Usipige simu, kwa simu utadanganya tena, nimeshakujua. Ukimkuta juu ya mnazi mngoje ateremke, asalimiwe, akae. Kisha mwambie magoli si yako, wewe ni mchezaji wa akiba, na jina la babake uliliazimisha kwa hiari yako. Ishia hapo, usimtaje mwalimu wala Mutunga. Babako pengine atachukua kisu chake cha kugemea aanze kukinoa. Kaa hapo hapo, usiondoke na wala usimharakishe.

Mwisho atakuita. Akikuita Tsofa, ujue umemuumiza, na urudi kwake kila wiki mpaka apoe. Akikuita baba, itika.