Dole Gumba Kwenye Fomu

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Bega lako la kulia linaendeleaje? Mama amenipa habari kwamba umerudi kuranda mbao ngumu ilhali nilikukataza, na ulipokumbushwa maneno yangu ulijibu kuwa daktari wako ni nyundo. Haya, mwambie huyo nyundo akuandikie na dawa ya kuchua. Mama naye mgongo umemwachia? Mimi huku ni mzima. Nakula vizuri, nalala kidogo, na moyo wangu leo umetulia kuliko ulivyokuwa wiki nzima iliyopita.

Najua umeshangaa kumwona aliyeishika barua hii. Siku zote barua zangu husomewa na jirani yetu mwalimu, lakini hii nimeituma mikononi mwa Mjomba, nikamwomba aje karakanani akusomee yeye. Najua pia kwamba ni miaka kumi na mmoja hajakanyaga hapo. Mwache akae, hata kwenye kile kigoda kilicholegea mguu. Na wewe Mjomba, soma yote, pamoja na yanayokuhusu. Ukifika pagumu usijikohoze ukaruka mstari, nakujua.

Baba, Alhamisi ijayo naitwa mbele ya kamati ya hospitali. Wanaweza kunifuta udaktari. Nataka uyasikie haya kutoka kwangu, kabla hayajakufikia kwa wapiga umbea yakiwa yameongezwa chumvi.

Jumamosi ya wiki juzi, saa nne asubuhi, aliletwa mama mmoja mwenye uchungu tangu siku iliyotangulia. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, mkono umetangulia. Hapo hakuna mjadala, ni kupasua. Lakini hospitali yetu ina sheria kwamba mwanamke hapasuliwi mpaka mumewe atie saini, na mume alikuwa safarini kikazi, hapatikani kokote. Mwanamume akivunjika mguu hujisainia mwenyewe, hata kama analia kwa sauti. Mwanamke mwenye akili zake timamu anaambiwa asubiri mwenye mali aje, utadhani ni kabati lililoletwa kwako kubadilishwa bawaba. Nilimpigia simu Mganga Mkuu, akasema nisubiri hadi jioni, huenda mume akatokea. Nikamwuliza mtoto naye tutamwambiaje asubiri. Akakata simu.

Nikamrudia yule mama, nikamweleza kila kitu bila kumficha, kisha nikamwuliza yeye mwenyewe anasemaje. Alinitazama kwa mshangao, nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Akasema anataka kuishi, halafu akauliza wino uko wapi. Kidau alishikiwa na muuguzi wetu mkuu, ambaye tunamwita Jenerali kwa sababu hata madaktari humpisha kwenye korido. Yule mama akaweka dole gumba lake mahali palipoandikwa "Mume". Nami nikanawa mikono, nikaingia kazini.

Wote wawili wako hai. Mtoto ni wa kike, na sauti yake ni ya dalali wa mnada. Mume aliporudi Jumatatu aliandika malalamiko kwamba mkewe amekatwa bila ruhusa yake, na aliyaandika huku amempakata mtoto. Jenerali alimchukua mtoto akanyonye, akamwambia yule bwana sasa aendelee vizuri, mkono wa pili uko huru. Hata hivyo karatasi ilifika kwa Mganga Mkuu, na kamati ikaitishwa siku hiyohiyo.

Mganga Mkuu hakuhitaji kusukumwa. Mimi ni mwanamke wa kwanza kuvaa koti la daktari katika hospitali hii, na tangu nifike amekuwa akingoja niteleze. Unakumbuka nilikuandikia kwamba hapakuwa na chumba cha mimi kubadilishia nguo, nikapewa stoo ya mafagio. Miaka minne sasa natoka kwenye mafagio nakwenda kupasua watu. Unakumbuka na yule mzee niliyempima saa nzima, kisha akaniuliza daktari atakuja lini, nikamjibu kuwa daktari ameshakuja na kuondoka, ila ameacha dawa. Hayo nilikuandikia ili ucheke. Sikukuandikia kwamba kuna siku nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, katikati ya yale mafagio, nikalia mpaka koti likalowa. Nilipomaliza nilinawa uso, nikarudi wodini. Maji nilikwisha kuyavulia nguo, Baba, sikuwa na budi kuyaoga.

Na haya yote yalianzia kwako, ingawa hupendi kuambiwa. Nilikuwa na miaka saba patasi yako iliponiponyoka ikanipasua dole gumba la kushoto. Ulinibeba mbio hadi zahanati, na yule mganga msaidizi alipoanza kushona, uligeuza uso ukatazama ukuta. Mimi sikugeuza. Nilihesabu nyuzi saba. Njiani kurudi nikakuambia yule bwana hajui kazi, nyuzi mbili amezikalisha upande, nawe ulicheka hata ikabidi usimame. Siku ile ndipo nilipoijua kazi ninayoitaka.

Nilipofika miaka kumi na minane chuo kikanikubali, wakanipa fomu ya ridhaa ya baba. Wavulana tuliofaulu pamoja hawakupewa fomu hiyo, baba zao hawakuulizwa lolote. Nilikuwekea mezani siku tatu, chini ya kikombe chako cha misumari. Siku ya nne ukasema msichana anayesomea kupasua watu ataolewa na nani, ukarudi kuranda mbao zako. Kumbe wiki mbili baadaye chuo kikakuandikia kukushukuru kwa ridhaa yako. Kwa kuwa Mjomba ndiye aliyenisindikiza kuipeleka fomu, ukaapa kwamba amebandika dole lake mahali pa lako. Tangu hapo hamsalimiani. Mkikutana msibani, mmoja akikaa mlangoni mwingine anahamia uani, na Mama anabaki katikati na sinia la chai, hajui aanze na mume au aanze na kaka yake. Na watu wakikupongeza kwa kuwa na binti daktari, jibu lako ni moja tu, kwamba wewe hukuweka dole.

Sasa sikiliza, Baba. Kamati ilipotaka kunichimba ilitoa masjala jalada langu, lenye karatasi zangu zote tangu chuoni. Karani wa pale ni mzee mwenye kioo cha kukuzia maandishi, na hana haraka. Aliona kwamba dole lililo kwenye fomu ile limekatwa na mstari wa mshazari, na kandokando ya mstari kuna vialama vidogovidogo. Mganga Mkuu akaniita ofisini, akanikaribisha kiti, akaniuliza kwa upole kama baba yangu fundi seremala aliwahi kuumia kidole. Mimi ambaye sijapata kumficha mtu mikono yangu niliitia mfukoni. Nikasema sikumbuki. Nilitoka mle ofisini nimejichukia.

Dole lile ni langu. Mjomba hakuligusa. Aliniacha kwenye benchi la stendi akaenda kutafuta maji ya kunywa, nikatoa kidau cha wino nilichokuwa nimekiazima shuleni, nikabonyeza. Aliporudi bahasha ilikuwa imefungwa. Ulipomshutumu alijua mara moja ni kazi ya nani, na angeweza kujitetea kwa neno moja. Aliniambia kwamba akikana, wewe utafunga safari hadi chuoni kuuliza, nami nitarudishwa nyumbani. Akaona bora akosane na shemeji yake. Na mimi nikamwachia mzigo huo miaka kumi na mmoja, kwa sababu ulinifaa. Kwa hilo nakuomba radhi wewe, na Mjomba nakuomba radhi, na Mama pia. Nimeona haya kila sikukuu niliyokuja nyumbani nikamkuta Mjomba hayupo. Lakini kuweka dole, Baba, siombi radhi. Yalikuwa maisha yangu, na kidole kilikuwa changu.

Alhamisi wakiniuliza ni la nani, nitaliweka mezani mbele yao walitazame vizuri, na karani aje na kioo chake. Nitawaambia kwamba yule mama alijiwekea dole kwa ajili ya tumbo lake, nami nilijiwekea kwa ajili ya maisha yangu, na fomu zote mbili zilikuwa zinamwuliza mtu ambaye hakuwa na uchungu. Wataniita mwongo, na kwa fomu ile watakuwa wamesema kweli. Basi waanze na kuwauliza wavulana fomu zao ziko wapi. Wakinifuta nitakata rufaa. Wakinifungia mlango wa mbele nitapitia stoo ya mafagio, njia naijua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wewe ndiye uliyenifundisha, siku ile msumeno ulipokatikia kwenye mninga.

Huenda wakamtuma mtu huko kukuhoji. Usiseme uongo kwa ajili yangu. Mwambie kama unavyowaambia wote, kwamba wewe hukuweka dole, na safari hii utakuwa unasema huku ukijua ni nani aliyeweka.

Ndani ya bahasha kuna fomu ileile, tupu. Jenerali ameitafuta mpaka ameipata, usiniulize wapi. Haiwezi kunisaidia kwa kamati, wakati wake ulikwisha zamani, na kamati nitaijibu mwenyewe. Naitaka kwa ajili yangu tu. Ukiona vema weka dole lako, la kushoto, umpe Mjomba aniletee. Usipoona vema, ni karatasi nzuri ya kuwashia moto wa kuchemshia gundi, nami nitabaki daktari vilevile. Ila ningefurahi sana, Baba. Hilo sitakuficha.

Nisalimie Mama, umwambie anyooshe mgongo asubuhi kabla hajainama kufagia. Msalimie jirani mwalimu, asinune kwa kunyimwa barua hii. Bega lako ulipumzishe hata siku mbili.

Mjomba, sasa unaweza kukohoa.

Ni mimi binti yako,
Daktari.

Dole hilo hapo chini ni langu. Nyuzi saba, mbili zimekaa upande.