Firigisi Ndani ya Ugali

Burma, Nairobi

Baba yangu mpendwa,

Hujambo, na mgongo wako haujambo? Na yule ng'ombe mkorofi ameshazaa, au bado anavunja ua wa jirani? Mimi na watoto tu wazima, mvua inatunyeshea na biashara inaenda hivyo hivyo. Lakini tangu Ijumaa sijielewi. Jana nilitia chumvi kwenye chai ya mteja. Akaonja, akanirudishia kikombe.

Barua hii nimempa mdogo wangu Simiyu aiweke mkononi mwako. Hajui kilichomo, na usimsomee. Singeweza kupiga simu, kwa sababu simu yako hushikwa na Mama, na ninyi huongea kwa spika mpaka majirani wanaitikia salamu. Isome ukiwa peke yako.

Unajua kwamba, mbali na kibanda changu cha chakula, huwa naandika mapishi kwenye ule ukurasa wa mtaa wa kwenye simu. Juzi mama anayeusimamia akaniambia, "Nekesa, watu wanapika vitu vyako na hawakujui. Hebu jitambulishe kwa wasomaji. Na usituletee mambo ya ulizaliwa wapi, hayo yanaboesha. Andika vituko vyako."

Vituko ninavyo, wewe wanijua. Nikaandika kwamba naogopa bata kuliko mbwa. Kwamba silali kama kuna sufuria iliyoachwa bila kifuniko. Kwamba nikikata vitunguu huimba nyimbo za matanga, na wateja wameshazoea. Nikamalizia na ile yetu: kwamba kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi, lakini mimi nimeila tangu utotoni, maana baba yangu alikuwa akiifinyilia ndani ya tonge la ugali na kunipa mbele ya watu wote kana kwamba ni ugali mtupu.

Watu walicheka sana. Wazee wawili watatu wakanigombeza, nikawajibu.

Basi Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, akaja mwanamke akasimama mbele ya jiko.

"Niaje dada. Ni wewe uliandika ile stori ya firigisi?"

Nikamwambia ni mimi, akae, kuna matumbo na kuku. Hakukaa.

"Nikuulize kitu. Ukitafuna, yeye alikuwa anakohoa?"

Baba, mwiko uliniponyoka. Habari ya kukohoa sikuiandika popote, wala sijawahi kumwambia mtu. Firigisi ina kelele mdomoni, na wewe ulikuwa ukikohoa kwa nguvu ili Mama asinisikie nikitafuna. Maskini Mama alikuwa akikuchemshia tangawizi kwa ajili ya kikohozi kile!

"Nani amekuambia?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu ameniambia. Wangu pia alikuwa anakohoa. Hapo Ziwani. Alikuwa anafanya job ya council."

Kama wewe, miaka ile ulipokuwa Nairobi. Anaitwa Nafula. Jina la Kukhu, mama yako mzazi. Nilipokuuliza zamani kwa nini hakuna msichana kati yetu aliyepewa jina hilo, ulisema Kukhu mwenyewe alikataza. Na huyu ni mkubwa kwangu, Baba! Mmenibebesha mizigo yote ya mtoto wa kwanza, kumbe kuna mwenzangu aliyenitangulia hapo Ziwani, ambapo naweza kwenda kwa miguu.

Nilimwonyesha picha yako, ile ya harusi ya Simiyu. Akaishika simu kwa mikono miwili, kisha akakaa bila kuambiwa tena.

"Amezeeka," akasema.

Nimeshtuka, na nimekukasirikia, nakwambia wazi. Kila uliponipa lile tonge uliniambia, "Ni wewe peke yako." Naye aliambiwa maneno hayo hayo. Alikuwa darasa la tatu uliposema unaenda nyumbani likizo, na hukurudi. Mwaka ule naukumbuka vizuri. Ulishuka barabarani na godoro na redio, nasi tukakuimbia mpaka mlangoni kwa kuwa umerudi kuishi nasi moja kwa moja. Sikuwahi kujua kwamba kuna mtoto mwingine aliyekuwa akikungoja.

Hataki shamba, kwa hiyo usianze kuwaza mipaka. Mama yake ameshafariki. Amepata mchumba, fundi wa magari, mtu mpole. Watu wa mchumba wako tayari kuleta ng'ombe mwezi ujao, lakini wajomba zake wamekataa kuwapokea. Wamesema hawawezi kula mahari ya mtoto wa wenyewe, baba yake atafutwe kwanza. Asipopatikana, wageni watarudishwa, na huyu dada yangu ataonekana mtu asiye na kwao.

Kwa hiyo nakuomba uje uketi kwenye kiti chako siku hiyo. Na kabla ya kupanda gari, mwambie Mama. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia itakuwa kama nimempiga, na akiyasikia sokoni Kimilili hatakusamehe kamwe. Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikimkuta bado hajui, sitanyamaza.

Nisalimie Mama, mwambie sweta aliyonifumia imenikaa vizuri. Msalimie mke wa Simiyu na mtoto wao. Msalimie na Senge, dada yako, ambaye nashuku alijua siku zote.

Nafula yuko hapa kibandani ninapoandika. Anamenya viazi ambavyo sikumwomba amenye. Nimemuuliza kama naye anakutumia salamu.

"Andika nimemsalimia."

"Niandike anayemsalimia ni nani?" nimemuuliza. "Nafula nani yake?"

Ameendelea kumenya.

"Andika tu Nafula. Hayo mengine aongeze yeye."

Basi anakusalimia Nafula.

Ni mimi binti yako,
Nekesa